Kikao cha Dharura Kuhusu Barua ya Kozi na Banda la Mashine ya Nyasi

KLABU YA VIJANA YA RAGA YA LIGI, PIKE STREET

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati, kilichofanyika Jumanne tarehe 9 Juni katika kantini ya klabu, uwanja wa Pike Street, Brindle Creek, kuanzia saa kumi na moja jioni.

WALIOHUDHURIA
Bw. Desmond Tranter – Mwenyekiti
Bi. Iris Pengelly – Makamu Mwenyekiti na msimamizi wa kantini
Bi. Maureen Skeggs – Mhazini
Bw. Viliami Taukolo – Kocha wa timu ya wasichana chini ya miaka kumi na saba
Merryn Pengelly – Katibu wa muda (mwanafunzi, hana kura)

MWALIKWA
Bw. Brett Lonergan – Afisa uhusiano wa Kozi, klabu ya wachezaji wa kulipwa

AMBAO HAWAKUHUDHURIA
Bw. Alf Dunstan – Katibu (kwa taarifa, amefanyiwa upasuaji wa nyonga)
Mwakilishi wa Halmashauri (bila taarifa, kama kawaida. Maneno "kama kawaida" yameongezwa kwa ombi la Mhazini.)

KUMB. NA. 1/6 (ya kwanza, mwezi wa sita): KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe wapaze sauti, kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati. Alisema anatumaini kikao kitakuwa kifupi, maana jambo lenyewe ni barua ya ukurasa mmoja tu. Bi. Skeggs alisema hata talaka ni ya ukurasa mmoja.

Bw. Taukolo aliomba akae karibu na dirisha ili awaone wachezaji wake, waliokuwa wanapasha misuli uwanjani. Aliruhusiwa. Katika kikao hiki alisimama na kukaa mara nyingi, na Katibu wa muda hakuandika kila mara.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu za kikao cha Mei zilisomwa. Bi. Skeggs alipinga sentensi isemayo "kulikuwa na majadiliano mafupi". Alieleza kwamba yeye peke yake alizungumza mpaka chai ikapoa, na kwamba Bw. Dunstan ana tabia ya kuupiga pasi ugomvi hadi uonekane makubaliano. Mwenyekiti alisema si vizuri kumsema mzee wa watu naye yuko kitandani.

Ilikubaliwa kwamba kuanzia kikao hiki, maneno ya ukali yaandikwe kama yalivyotamkwa. Katibu wa muda aliuliza atajuaje kwamba maneno ni ya ukali. Bi. Skeggs alimjibu: "Utajua tu, mwanangu. Mkono utakutetemeka."

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/6: YATOKANAYO – RIPOTI YA MKAGUZI WA SERIKALI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba serikali ya jimbo imetenga fedha za kuijengea klabu ya Kozi kituo kipya cha mazoezi, na kwamba fungu dogo la fedha hizo ni la klabu za vijana za jirani zitakazoonekana kuwa na uhitaji. Klabu yetu iliomba chumba cha wasichana cha kubadilishia nguo, chenye choo na bafu. Sababu ni kwamba chama cha ligi cha wilaya kimeamua kwamba kuanzia msimu ujao, uwanja usio na chumba hicho hautaruhusiwa kuchezewa mechi za wasichana. Kisipojengwa, timu yetu ya wasichana itahamishiwa klabu ya Dunmarra, ng'ambo ya mto, au itavunjwa.

Mkaguzi, Bi. Prudence Achterberg, alitutembelea Jumamosi moja mwezi uliopita. Ripoti yake imefika. Mwenyekiti alisoma sehemu inayotuhusu: "Mazingira ya Pike Street ni nadhifu, yamepambwa kwa upendo, na yanakidhi mahitaji ya wasichana." Hivyo Pike Street haikupata kitu. Kozi wamepata chote walichoomba.

Kisha Bw. Taukolo alisema: "Yamepambwa kwa upendo! Jamani, tumechinjwa kwa upendo."

Ilielezwa, kwa faida ya kumbukumbu, kwamba wasichana hubadilishia nguo katika banda la mashine ya kukatia nyasi. Siku moja kabla ya ziara kulifanyika kazi ya pamoja. Wazazi walikuja na ndoo na brashi. Mashine ilipelekwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Magunia ya chokaa ya kuchorea mistari yalifichwa nyuma ya tangi la maji. Sakafu ilipakwa rangi. Bi. Pengelly alishona mapazia, akatundika kioo, akaweka maua ya kamelia kwenye chupa ya jamu. Mkaguzi alipofika alipewa chai na keki za nazi, akala mbili na kufungiwa nyingine za njiani.

Yafuatayo yanaandikwa kama yalivyotamkwa.

Bi. Skeggs: "Iris, yule mama alikuuliza kama wasichana wana shida yoyote. Ukamjibu nini?"

Bi. Pengelly: "Nilimjibu hatujambo."

Bi. Skeggs: "Hatujambo! Mtu kaja na kalamu ya serikali kuuliza unaumwa wapi, wewe unamjibu hujambo!"

Bi. Pengelly: "Ulitaka nimwambie nini mtu aliyeshika kikombe changu? Mgeni hapokewi kwa magonjwa, Maureen. Mama yangu angefufuka anichape."

Bw. Taukolo: "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wetu alikuja, mwenyeji akalazwa."

Mwenyekiti alicheka, kisha akaomba kicheko chake kisiandikwe. Mhazini alipinga. Kimeandikwa.

Bi. Pengelly aliomba kila aliyeshika brashi siku ile ainue mkono. Wajumbe wote waliinua mikono. Bw. Taukolo aliinua wa kwake mwishoni, akasema yeye alipaka pembe moja tu. Bi. Pengelly alimkumbusha kwamba hata wazo la kufukiza udi ili kuondoa harufu ya petroli lilikuwa la kwake. Bw. Taukolo alirudi dirishani.

KUMB. NA. 4/6: MAELEZO YA MWAKILISHI WA KOZI

Bw. Lonergan, aliyekuwa anasubiri ndani ya gari lake, aliitwa. Alifuta viatu mlangoni kwa muda mrefu na kuwasalimu wajumbe. Simu yake iliita, akaizima. Iliita tena.

Alieleza kwamba fedha za Kozi zimekubaliwa lakini hazijatoka. Sharti la mwisho ni barua ya klabu ya vijana ya jirani inayouunga mkono ujenzi, na klabu hiyo ni Pike Street. Barua inatakiwa ifike serikalini Ijumaa. Isipofika, fedha zitarudishwa, na yeye anajua mji mwingine unaozimezea mate.

Bw. Taukolo aliomba aelezwe jinsi Kozi, wenye wachezaji wanaoonekana kwenye televisheni kila wiki, walivyomshawishi mkaguzi kwamba wao ni maskini. Bw. Lonergan alijibu kwamba hawakusema neno. Mkaguzi aliwakuta wachezaji wanakula chakula cha mchana wamesimama ukumbini kwa kukosa viti. Aliwakuta wachezaji wawili wa mbele, wakubwa kama makabati, wamekaa ndani ya mapipa ya taka yaliyojazwa barafu, kwa sababu hakuna bwawa la maji baridi. Paa lilikuwa linavuja, na ndoo zilikuwa zimesambaa kila mahali.

Bi. Skeggs: "Hizo ndoo mlizipanga nyinyi."

Bw. Lonergan: "Mama Skeggs, hizo ndoo nilizikuta siku naajiriwa. Hatukuzipanga. Hatukuziondoa tu."

Bw. Taukolo aliomba sentensi hiyo iandikwe vizuri. Imeandikwa vizuri.

KUMB. NA. 5/6: HOJA YA KUTIA SAINI BARUA

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba barua itiwe saini leo na Bw. Lonergan aondoke nayo. Alisema kuwanyima Kozi hakutatupa sisi kitu.

Bi. Skeggs aliunga mkono hoja, jambo lililowashangaza wajumbe. Alisema: "Nina hasira, lakini hasira haijengi choo. Kozi wakihamia kituo kipya, taa zao za zamani za uwanjani wametuahidi sisi. Tukiwanyima saini tutakaa gizani na bila choo."

Bw. Taukolo alipinga. Alisema hii ndiyo mara pekee ambayo mtu mkubwa amekuja kutuomba, na saini ikishatoka hakuna atakayekumbuka njia ya Pike Street. Kisha yakafuata maneno haya.

Bw. Taukolo: "Na wewe Des, sema kweli. Saini hii ni ya klabu au ya Corey?"

Mwenyekiti: "Usimwingize mpwa wangu. Corey anacheza kwa miguu yake mwenyewe."

Bw. Taukolo: "Miguu ni yake, sawa. Viatu kavishwa na Kozi."

Mwenyekiti alisimama. Bw. Taukolo alikuwa ameshasimama. Bw. Lonergan alisema labda asubiri garini. Bi. Pengelly aliwaambia wote watatu wakae, mvua inatosha kwa kelele.

Mhazini alisoma kanuni ya klabu inayosema kwamba mjumbe mwenye ndugu anayeweza kunufaika na uamuzi hapigi kura wala haongozi kikao. Mwenyekiti alikiri kwamba mpwa wake Corey yuko katika kikosi cha vijana cha Kozi. Alikiacha kiti. Bi. Pengelly, kama Makamu, alikikalia, huku akilalamika kwamba mguu mmoja ni mfupi na kwamba amekuwa akilisema hilo tangu msimu uliopita.

Kura zilipigwa. Bi. Skeggs: ndiyo. Bw. Taukolo: hapana. Ikabaki kura ya kuamua, ambayo ni ya anayeongoza kikao. Bi. Pengelly aliomba chai. Aliambiwa kwamba msimamizi wa chai ni yeye.

Wakati huo mlango uligongwa. Mchezaji Talia Brophy aliingia kuomba tochi, kwa sababu taa ya banda imeungua na wasichana walikuwa wanatafuta soksi gizani. Alipewa tochi ya Mwenyekiti. Alitoka nayo.

KUMB. NA. 6/6: MAELEZO YA MCHEZAJI

Bi. Pengelly aliuliza kama yumo mchezaji wa timu ya wasichana katika kikao, kwa sababu hawezi kuamua juu ya watu ambao hawajaulizwa. Katibu wa muda alijibu kwamba yumo, naye anaandika. Aliruhusiwa kuweka kalamu chini. Maelezo yafuatayo yaliandikwa baadaye na kusomwa mbele ya wajumbe, nao walikubali kwamba ndivyo alivyosema.

Mchezaji alieleza kwamba ndani ya banda, magunia ya chokaa ndiyo viti. Wasichana hutoka wakiwa weupe mgongoni, na timu nyingine huwaita Mikate. Huulizwa, "Leo mmetoka tanuri gani?" Timu za wageni hazibadilishii humo. Hufunika madirisha ya basi lao kwa mataulo. Mlango hauna komeo, na mtu yeyote anayetaka petroli huingia. Mdogo wake Talia alitaka kujiunga mwaka huu, lakini baba yao alipoushika ule mlango na kuona unafunguka kwa kidole alimrudisha nyumbani.

Alieleza kwamba si kweli kuwa timu itahamia Dunmarra. Nusu ya wasichana hawana mzazi wa kuwavusha mto jioni akitoka kazini. Hivyo haitakuwa kuhama, itakuwa mwisho wa timu.

Alieleza pia jambo ambalo mkaguzi halijui. Mashine ya nyasi ilirudishwa bandani jioni ileile, vikombe vya chai vikiwa bado vimelowa. Kioo kilirudi bafuni nyumbani kwa Bi. Pengelly, ambako mchezaji anaishi na hukiona kila asubuhi.

Mwisho alisema kwamba hamlaumu mtu. Alisema siku ile, kabla mgeni hajafika, yeye na wenzake walisimama mlangoni wakakiangalia kile chumba, na hakuna aliyetaka kuingia na viatu. Walitamani kiwe hivyo kweli.

Bi. Pengelly alifuta miwani kwa ncha ya aproni. Kisha akamwambia Katibu wa muda: "Haya, chukua kalamu yako. Sasa andika yangu."

KUMB. NA. 7/6: AZIMIO

Mazungumzo kati ya Bi. Pengelly na Bw. Lonergan yameandikwa kama yalivyotamkwa, ingawa hayakuwa ya ukali.

Bi. Pengelly: "Brett, namba ya simu ya yule mkaguzi unayo?"

Bw. Lonergan: "Ninayo, Mama Iris."

Bi. Pengelly: "Sisi wasichana wetu hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi. Alhamisi hii wewe utamleta hapa. Wakati wa mazoezi, sio kabla. Barua yako nitaitia saini mbele yake, bandani, juu ya mashine ya nyasi."

Bw. Lonergan: "Yule mama ana shughuli nyingi. Halafu ripoti ameshaifunga. Kwa nini usisaini hapa mezani tukamaliza?"

Bi. Pengelly: "Mwanangu, mimi sijakataa kusaini. Nachagua meza tu."

Bw. Taukolo alipiga kofi pajani. Bi. Skeggs alisema hayo ndiyo aliyokuwa anayasema tangu mwanzo. Wajumbe hawakumpinga, kwa ajili ya muda.

Bw. Lonergan aliuliza itakuwaje mkaguzi asipoweza kuja. Bi. Pengelly alimjibu kwamba Ijumaa itafika vilevile. Bw. Lonergan alitoka barazani kupiga simu. Wajumbe walimwona kupitia dirishani akienda na kurudi, akikwepa mahali panapovuja. Mwenyekiti alisema yule kijana analowa bure, aambiwe asogee kushoto. Bi. Skeggs alisema aachwe hapohapo.

Bw. Lonergan alirudi na kueleza kwamba mkaguzi atakuja Alhamisi. Alitahadharisha kwamba ziara si jengo, na kwamba kufungua tena ripoti ni uamuzi wa wakubwa wa mkaguzi, si wake. Tahadhari hiyo imeandikwa. Aliongeza kwamba mkaguzi ameuliza kama zile keki za nazi zitakuwepo.

Bi. Pengelly alisema: "Mwambie hapana." Wajumbe waliona kwamba jibu hilo lilimuuma.

Kikao kiliazimia kwamba barua ya kuwaunga mkono Kozi itiwe saini Alhamisi, bandani, mkaguzi akiwepo. Bi. Skeggs na Bw. Taukolo walikubali. Kwa hiyo kura ya kuamua haikuhitajika, ila Bi. Pengelly aliipiga hata hivyo. Bw. Tranter, asiye na kura katika jambo hili, aliomba iandikwe kwamba angeipiga upande huohuo.

KUMB. NA. 8/6: MENGINEYO

Usafi. Kikao kiliazimia kwamba kuanzia sasa hadi mkaguzi aondoke, mtu yeyote asifagie, asipake rangi, asihamishe mashine ya nyasi wala magunia ya chokaa. Vilevile ilikubaliwa kwamba kisiongezwe kitu. Bw. Taukolo alikuwa amependekeza ndoo mbili tatu ziwekwe kwa ajili ya mandhari. Bi. Pengelly alikataa, akisema banda halivuji, na nyumba hii haidanganyi mara mbili. Imeandikwa hivyo.

Ufagio. Kwa kuwa wajumbe wanafahamiana, ufagio na tambara la kudekia vilipelekwa palepale ndani ya gari la Bw. Tranter, vikae humo hadi Alhamisi. Bi. Skeggs alimtazama Bi. Pengelly na kusema: "Na kile kitambaa cha mfukoni." Bi. Pengelly alikitoa. "Na kile kingine." Alikitoa pia.

Komeo. Mwenyekiti, aliyekuwa amerudi kitini, aliuliza kama komeo la mlango wa banda lisubiri mpaka mkaguzi ameona. Yalikuwepo majadiliano, na safari hii yalikuwa mafupi kweli. Ilikubaliwa kwamba ukaguzi ni ukaguzi, lakini mlango ni mlango. Bw. Tranter atafunga komeo kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ataleta pia balbu.

Baba yake Talia. Bw. Taukolo ataenda kumwambia kuhusu komeo.

Alf. Bi. Skeggs atampelekea Bw. Dunstan nakala ya kumbukumbu hizi hospitalini, asome zinavyoandikwa.

KUMB. NA. 9/6: KUFUNGA KIKAO

Kikao hakikufungwa rasmi na Mwenyekiti. Saa moja kasoro, akiwa anatafuta maneno, mlango ulifunguliwa na timu yote ya wasichana ikaingia kukinga mvua, miguu ikiwa na tope hadi magotini. Nafasi ya kuzungumza ikaisha. Bw. Lonergan alisogeza kiti chake ukutani, kisha akakitoa kabisa akampa mmoja wao.

Tope lilitanda kutoka mlangoni hadi kaunta. Bi. Pengelly alinyanyuka, akanyoosha mkono kwenye pembe unapokaa ufagio, akakuta patupu. Aliangalia sakafu. Akakaa.

"Njooni," aliwaambia wasichana. "Ketini hivyohivyo, chai iko tayari."

Imethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi:

.............................
D. Tranter
Mwenyekiti

.............................
Merryn Pengelly
Katibu wa muda, na namba tisa wa timu ya wasichana ya Pike Street